Kifua Kikishapata Moto

Baba alipasua kuni kila Jumamosi asubuhi, na kila Jumamosi kazi ilikatika mara moja kwa dakika mbili tatu. Analiegemeza shoka kwenye gogo, anajikanda mkono wa kushoto, anatazama upande wa Menengai kama mtu aliyeitwa kwa mbali. Kisha anatema mate, anashika mpini, na baada ya hapo hasimami tena mpaka mkaratusi wote uwe vipande vya kutosha jiko la mama wiki nzima. Tukimuuliza, jibu lake lilikuwa lile lile kwa karibu miaka miwili: "Kifua kikishapata moto, kinaachilia."

Tukamwamini. Mzee alikuwa fundi wa reli hapa Nakuru tangu ujana wake, akastaafu, akahamia shamba la Bahati, na huko hakuna kijana aliyewahi kumtangulia mstari wa jembe. Nani amfundishe mtu kama huyo habari za mwili wake?

Mimi nafundisha kemia, kidato cha tatu na cha nne. Moyo nilioujua ni ule wa mchoro wa vyumba vinne. Haya mengine nimeyasoma baada ya Jumapili moja ya Agosti, usiku usiku, na kwa hasira kidogo.

Agosti kule Bahati baridi huingia mpaka kwenye mifupa. Saa kumi alfajiri baba aliamka akisema kiungulia kimemkaba. Mama akachemsha maji ya tangawizi. Saa kumi na moja ikapita. Jasho likaanza kumtoka katika baridi ile, na mama, ambaye hakusomea udaktari ila ana macho, akampigia simu jirani mwenye Probox. Kituo cha kwanza walichofika, ambacho sitakitaja, walimpa dawa ya asidi ya kunywa wakamwambia ajilaze kwenye benchi itulie. Nilipowafikia nikitokea mjini ilikuwa saa moja kasoro na jua limeshatoka. Tukamwinua hapo tukamkimbiza hospitali kubwa. Wakambandika nyaya kifuani, karatasi ikatoka na milima yake, daktari akaitupia jicho mara moja tu, akasema ni mshtuko wa moyo, na kuagiza dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Aspirini aliitafuna akiwa bado na viatu miguuni.

Daktari alikuwa dada mdogo kuliko mimi. Akamwinamia. "Mzee, hii imekushika leo tu, ama kuna siku nyingine?"

Baba akanitazama mimi kwanza. "Tangu Alhamisi. Alhamisi mara mbili, Ijumaa mara tatu. Jana nikaacha kuni, nikapumzika."

"Na hukumwambia mtu?"

"Ilikuwa inaachilia, mwanangu."

Jioni, dawa ikiwa imefanya kazi na rangi imemrudia usoni, yule daktari alinivuta kando kwenye korido. Akaniambia kwamba hayo maumivu ya Alhamisi na Ijumaa huenda yamemwokolea sehemu ya moyo. Kisha, kabla sijashukuru, akaongeza kwamba ni hayo hayo yaliyopaswa kumleta hospitali moyo ukiwa bado mzima.

Nilienda nyumbani na sentensi hizo mbili nikashindwa kulala nazo. Maumivu yanaokoaje moyo?

Kumbe swali lina historia. Mwaka 1986, katika Chuo Kikuu cha Duke huko North Carolina, Marekani, watafiti watatu, Charles Murry, Robert Jennings na Keith Reimer, walichapisha jaribio walilofanya kwa mbwa. Mbwa wa kundi moja walizibwa mshipa mmoja unaolisha moyo kwa dakika 40, kisha damu ikaachiliwa. Kundi la pili lilionewa zaidi, au ndivyo ungefikiri: kabla ya zile dakika 40, mshipa ulizibwa dakika 5, ukafunguliwa dakika 5, ukazibwa tena, hivyo hivyo mara nne. Jumla, mioyo hiyo ilikosa damu kwa saa nzima. Kwa hesabu ya kawaida ya kutoa na kujumlisha, ingepaswa kuharibika zaidi.

Ilipokatwa na kupimwa, mioyo ya kundi la kwanza ilikuwa imekufa karibu asilimia 29 ya ile sehemu iliyonyimwa damu. Ya kundi la pili, lililoteswa mara nne kabla, asilimia 7 tu.

Nilisoma tarakimu hizo mara tatu. Nimesahihisha mitihani ya kutosha kujua kwamba jibu la namna hii kwa kawaida ni kosa la mwanafunzi. Lakini lilirudiwa na wengine, kwa sungura, kwa nguruwe, kwa panya, na likashikilia. Moyo ulioonja njaa ndogo unaistahimili njaa kubwa.

Katika jaribio hilo hilo kulikuwa na makundi mengine mawili ambayo watu husahau kuyataja. Hayo yalizibwa saa 3 badala ya dakika 40. Hapo, walioandaliwa kwa ile zibafungua ya mara nne na wasioandaliwa walitoka sawa, kinga haikuonekana. Ndiyo maana kichwa cha makala yao kinazungumzia kuchelewesha kifo cha seli. Neno ni kuchelewesha, na nadhani walilichagua kwa uangalifu. Reimer na Jennings walikuwa wameshaonyesha mwaka 1977 kwamba moyo wa mbwa ukizibwa mshipa haufi wote kwa pamoja. Kifo huanza baada ya dakika 20 hivi kwenye tabaka la ndani kabisa la ukuta wa moyo, kisha husambaa kuelekea nje kama moto wa nyasi, na baada ya saa kadhaa umefika ukingoni. Kuandaliwa kunaupunguza mbio moto huo. Hakuuzimi.

Nikahesabu saa za baba: kumi alfajiri mpaka sindano, saa tatu na nusu. Binadamu si mbwa, na mishipa yetu midogo ya pembeni hutofautiana mtu na mtu, lakini hesabu hiyo ilinikaa tumboni kama ugali wa jana.

Sasa, moyo unafanya nini hasa unaponyimwa damu? Hapa ndipo mwalimu wa kemia aliponogewa, na msomaji asiyependa mambo ya seli anaweza kuniruka kidogo.

Moyo hauna ghala. Seli zake huendeshwa na ATP, ile sarafu ya nishati tunayoifundisha darasani, na inakadiriwa kwamba moyo wa mtu mzima huitengeneza na kuitumia kwa siku kiasi cha kilo 6, mara kadhaa ya uzito wake wenyewe. Akiba iliyopo wakati wowote ni ya sekunde chache. Kwa hiyo damu ikikatika, jambo la kwanza ambalo misuli hufanya, ndani ya dakika moja, ni kuacha kuvuta. Zamani nilidhani huko ni kushindwa. Kumbe ni ubahili wa maana sana: kazi inayokula nishati nyingi inasimamishwa, kilichobaki kinatumika kulinda uhai wa seli. Bibi yangu alikuwa akifukia makaa kwa majivu usiku. Anayetazama anaona jiko limezima, lakini alfajiri ukichokoa, moto upo.

ATP inapovunjwavunjwa, mabaki yake mojawapo ni adenosini. Hiyo hutoka nje ya seli na kujishika kwenye vipokezi vilivyo juu ya ngozi ya seli ile ile, kama mtu anayebisha hodi mlangoni kwake mwenyewe kuwaambia walio ndani wajifunge vizuri. Mwaka 1991, maabara ya James Downey huko Alabama ilionyesha kwa sungura kwamba ukivizuia vipokezi hivyo, kinga yote inapotea, na ukiumwagia moyo adenosini bila kuziba mshipa wowote, kinga inakuja. (Adenosini hiyo hiyo ikikusanyika ubongoni hukuletea usingizi, na chai unayokunywa saa kumi jioni kazi yake ni kuiziba mlango.) Kutoka kwenye kipokezi, ujumbe hupokezanwa na protini moja baada ya nyingine mpaka unafika kwenye mitokondria, pale nishati inapotengenezwa. Njia ndogo za potasiamu zinafunguka, na seli inakuwa tayari.

Tayari kwa nini? Nilidhani ni tayari kwa njaa. Jibu lilinishangaza kuliko lile la mbwa: tayari kwa kurudi kwa damu.

Kwetu Bahati stima ikipotea, kitu cha kwanza mama anachofanya ni kwenda kung'oa plagi ya friji na ya runinga. Hajali giza. Anaogopa stima inavyorudi, kwa sababu runinga ya kwanza tuliyowahi kuwa nayo haikuuawa na giza. Iliuawa siku taa zilipowaka ghafla kwa nguvu isiyo na adabu. Basi moyo nao una shida hiyo. Wakati wa ukosefu wa damu seli zinajaa asidi, na ajabu ni kwamba asidi hiyo inafaa, kwa kuwa inaviweka vimefungwa vitundu fulani kwenye utando wa ndani wa mitokondria. Damu ikirudi kwa kishindo, mambo manne hutokea karibu kwa pamoja. Oksijeni inaingia na kuzaa molekuli kali zinazounguza chochote. Kalisi inafurika. Misuli inajikunja kwa nguvu mpaka inajirarua. Na asidi inasafishwa haraka, vitundu vinafunguka, mitokondria inavimba na kupasuka. Hayo yote katika dakika chache za mwanzo. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walionyesha mojawapo ya kuni za moto huo: kemikali iitwayo suksineti, ambayo hujilimbikiza wakati wa njaa na kuchomwa yote kwa pupa oksijeni inapotokea. Suksineti! Iko kwenye silabasi ya jirani yangu wa biolojia, nami nimekuwa nikiipita kila muhula bila kuisalimu.

Kwa hiyo sehemu ya seli zinazokufa katika mshtuko wa moyo huuawa na tiba yenyewe. Usinielewe vibaya: bila damu kurudi, zote zinakufa. Hakuna anayezuia stima isirudi kwa kuogopa runinga. Lakini moyo ulioandaliwa ni moyo ambao plagi zake zimeshang'olewa. Vitundu vyake vinakawia kufunguka, na seli nyingi zinavuka zile dakika mbaya.

Kinga hii pia ina saa zake. Ya kwanza hudumu saa moja au mbili kisha inayeyuka. Halafu mwaka 1993 makundi mawili yaliripoti, kila moja kivyake, kwamba kinga hurejea baada ya saa 24 hivi na inaweza kukaa mpaka siku ya tatu. Safari hii ni kwa sababu seli zimepata muda wa kutengeneza protini mpya za kujilinda. Dhaifu kidogo kuliko ya kwanza, lakini ndefu. Nikarudi kwenye Ijumaa ya baba, mara tatu, na Jumapili alfajiri. Nikaelewa kwa nini yule dada wa korido aliuliza habari za siku zilizotangulia. Kuna tafiti za hospitalini zilizoona jambo hilo kwa watu: waliopata maumivu ya kifua katika siku moja mbili kabla ya mshtuko, kwa wastani walitoka na jeraha dogo kuliko waliopigwa bila taarifa.

Na shoka la Jumamosi? Hilo nalo lina mwenyewe. Katika karne ya 18, daktari wa London aitwaye William Heberden, yule aliyeupa ugonjwa huu wa kubanwa kifua jina lake la kitabibu, aliandika kuhusu mgonjwa aliyejipangia kupasua mbao kwa msumeno nusu saa kila siku, akakaribia kupona. Nilicheka peke yangu kwenye chumba cha walimu mpaka mwalimu mkuu msaidizi akanitazama. Zaidi ya miaka 200 kabla ya baba kuegemeza shoka lake, mtu mwingine alikuwa akingoja kifua kipate moto. Sehemu ya siri yake inadhaniwa kuwa ni kinga hii hii: ubanaji wa kwanza unauandaa moyo kwa wa pili.

Kuna jambo lililonivutia zaidi ya yote, na ndilo lililonivunja moyo. Mwaka 1993 ilionekana kwamba ukiziba mshipa mmoja wa moyo kwa muda mfupi, hata sehemu inayolishwa na mshipa mwingine inapata kinga. Baadaye ikaonekana si lazima uguse moyo kabisa. Funga mkono au mguu damu isipite dakika 5, achilia dakika 5, rudia, na moyo ulio mbali unapata habari, kwa njia ya neva na kwa kitu kinachosafiri ndani ya damu. Kifaa chenyewe ni kile kile cha kupimia presha! Kipo kwenye kila zahanati kuanzia Molo hadi Mbita. Mwaka 2010 madaktari wa Denmark waliwafunga wagonjwa mkononi wakiwa bado ndani ya ambulansi, na matokeo ya picha za moyo yakatia moyo kweli. Nikajiona nimeshika dawa ya maskini.

Majaribio makubwa yakaja. Mwaka 2015, mawili kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa moyo, Uingereza na Ujerumani: hakuna faida. Mwaka 2019, wagonjwa zaidi ya 5,000 wa mshtuko wa moyo katika nchi nne za Ulaya: vifo vya moyo na kulazwa kwa moyo kushindwa kazi, mwaka mmoja baadaye, sawa kwa waliofungwa mkono na wasiofungwa. Hata mbinu ya kuachilia damu kwa vipindi vya sekunde 30, iliyong'aa sana kwa mbwa mwaka 2003, haikuwasaidia wagonjwa ilipopimwa kwa wingi.

Kwa nini? Maelezo ninayoyaona ya kweli zaidi ni kwamba mnyama wa maabara ni kijana mwenye afya aliyezibwa mshipa. Mgonjwa ni mzee mwenye presha, mwenye sukari, anayemeza vidonge vinne, na katika hospitali hizo za Ulaya mshipa wake unafunguliwa kwa mrija mapema kiasi kwamba kilichobaki cha kuokoa ni kidogo. Sukari hasa huudhoofisha uwezo huu wa moyo kujiandaa. Tena mwaka 1994 madaktari wa Italia walionyesha kwa wagonjwa wao kwamba glibenklamaidi, vidonge vya sukari anavyovijua kila mtu hapa kwetu, huzifunga zile njia za potasiamu na kufuta kinga. Shangazi yangu wa Njoro anavimeza. Sikumwambia aache, na wewe usimwambie mtu aache. Sukari isiyotibiwa inaua kwa uhakika zaidi. Nilimwambia tu kwamba mwenye sukari anaweza kupata mshtuko wa moyo bila maumivu makali, hivyo akichoka ghafla au akikosa pumzi asingoje kifua kimuume. Akaniuliza kama nimeacha kemia.

Kuna mpango wa utafiti uitwao RIC-AFRICA wa kufunga mkono kwa wagonjwa wa Afrika kusini mwa Sahara, ambao wengi hutibiwa kwa dawa ya kuyeyusha kama baba, au huchelewa kufika. Nina matumaini nao kiasi, kwa sababu hali yetu kwa kweli haifanani na ile ya hospitali za Ulaya. Lakini nimeacha kuota kuhusu kile kifaa cha presha. Kutoka Bahati hadi mjini ni chini ya kilomita 20 za lami. Barabara haikutuchelewesha hata kidogo. Tulichelewa kwenye maji ya tangawizi na kwenye benchi.

Wiki ya kwanza, picha ya moyo wa baba ilionyesha upande mmoja wa ukuta haujongei. Mama alilia. Daktari akamwambia asilie bado, kwamba kuna misuli iliyokufa na kuna misuli iliyopigwa na bumbuazi, na kwa siku hizo za mwanzo mashine haiwezi kuzitenga vizuri. Misuli ya namna hiyo ya pili ipo hai, damu imeirudia, ila imekataa kazi kwa siku kadhaa au majuma. Eugene Braunwald na Robert Kloner waliipa hali hiyo jina mwaka 1982. Baada ya miezi miwili walimpiga picha tena, na sehemu kubwa ya ukuta ule ilikuwa imeanza kuvuta. Kipande kidogo kimebaki kovu.

Shoka mama amelificha chini ya kitanda. Baba anajua lilipo. Hajaligusa, kwa sasa. Ana vidonge vyake, na anatembea asubuhi hadi kwenye lami na kurudi, mwendo aliopangiwa.

Wiki jana simu yangu ililia saa tisa usiku. "Kuna kitu kimenikaa hapa," akasema. "Umesema nisingoje, sijangoja." Probox ya jirani ilikuwa njiani kabla sijavaa suruali. Tukakutana hospitali, wakambandika nyaya, wakatoa damu, wakarudia baada ya saa kadhaa. Moyo ulikuwa vile vile ulivyokuwa kliniki ya mwezi uliopita. Kilikuwa kiungulia, cha kweli safari hii. Alikuwa amekula maharagwe ya kukaanga usiku.

Akakaa kitandani anafunga vifungo vya shati, amenuna kidogo. Kisha akaniuliza nani atalipia mafuta ya gari.